AJALI INA KINGA



Jioni hapa Ipililo si ajabu kumwona kijana akifundishwa pikipiki na rafiki yake. Baada ya siku chache amekwisha kuwa bodaboda, naye achukua abiria. Na siku ya gulio abiria hao huwa wawili au watatu, mshikaki mmoja. Akianguka, watu husema, "Ajali haina kinga." Neno hilo ni la kweli kwa mtu aliyeangukiwa na mti. Si la kweli kwa kijana tuliyempa chombo tusimpe elimu.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria ya kuwa watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani mwaka 2021, na ya kuwa ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29. Basi msiba huu si wa Ipililo pekee. Lakini dawa yake yaweza kuanzia hapa.

Rafiki humfundisha kijana kuondoka, kusimama hamfundishi. Hamwambii ya kuwa mwendo ukizidi mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki huzidi mara nne. Wala ya kuwa changarawe huteleza. Wala ya kuwa kofia ngumu isiyofungwa mkanda ni pambo tu. Mambo haya hayaokotwi njiani. Yana mwalimu wake.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 yamtaka dereva awe na leseni. Sisi twaomba ya kwamba mafunzo yawe lazima kwa kila kijana kabla hajachukua abiria wa kwanza, na ya kwamba yaletwe katika kata baada ya mauzo ya pamba, wakati vijana wana fedha na nafasi. Polisi na VETA wana walimu. Shule zetu zina madarasa matupu wakati wa likizo.

Lakini kabla ya kuwanyoshea wengine kidole, tujitazame. Ni nani amwambiaye kijana, "Kaza mwendo, nimechelewa kazini"? Ni sisi makarani. Ni nani apandaye bila kuuliza leseni kwa sababu nauli ni nafuu? Ni sisi.

Karani haajiriwi bila kusoma, na hali kosa lake hufutwa kwa kalamu. Kosa la dereva halifutiki.