Asistanti si wa kubeba mkoba

Wandugu, kila mwaka ma-ISTM ya inchi yetu, kuanzia Kinshasa, Lubumbashi mpaka Bukavu na Goma, yanabakisha vijana wachache waliomaliza uuguzi na pointi nzuri ili wafundishe wengine. Kwenye avenue watu wanafurahi: mtoto wetu amekuwa asistanti! Kisha anafika kazini, wanamupatia kozi na orodha ya wanafunzi. Njo basi. Hakuna mtu wa kumuonesha namna gani kozi inatayarishwa, ao namna gani unamwambia mwanafunzi amekosea bila kumfedhehesha mbele ya mgonjwa.

Kutunza mgonjwa ni kazi moja, kufundisha kutunza ni ingine. Mwaka 1984, Patricia Benner, muuguzi wa Marekani, aliandika kwamba hata muuguzi mwenye uzoefu mrefu anarudia kuwa mwanagenzi akiwekwa katika servisi asiyoijua. Sasa yule asistanti wetu hata uzoefu mrefu hana. Jana alikuwa kwenye banki ya wanafunzi, leo iko mbele ya tablo.

Wakubwa wake wako wapi? Wengine wanafundisha miji mitatu kwa wiki moja. Wengine, tuseme ukweli, wanamuona kijana kama mtu wa kazi zao: asahihishe mitihani yao, atoe kozi yao, abebe mkoba wao. Jina kwenye kozi ni la profesa, sauti kwenye salle ni ya asistanti. Na asistanti ananyamaza, juu anajua kwamba ule mkubwa njo atakaa kwenye jury siku yake.

Ili apande, atoke asistanti awe shefu wa travo, anaombwa makala zilizochapishwa. Nani alimufundisha kuandika makala? Doktora ya uuguzi ni ngumu kuipata hapa kwetu, kwa hiyo wengi wanakimbilia afya ya umma, wanapata diplome, na uuguzi wenyewe unabaki bila wakubwa. Miaka inapita, yeye ni asistanti tu. Tena kama bado hajamekanizwa, Leta haimjui: anaishi na prime inayotoka kwenye franga za wanafunzi. Halafu tunashangaa silabusi zinauzwa kwa nguvu. Hatutetei mchezo huo, tunaupinga. Lakini mtu ukimuacha na njaa na bila muongozi, unategemea nini?

Deni hili linalipwa na mgonjwa. Mwanafunzi anapelekwa staji, wako kumi kando ya kitanda kimoja, mwalimu wao hayuko, ao yuko lakini yeye mwenyewe anaogopa. Wanajifunza kutoboa mshipa kwenye mkono wa mama yako.

Tunachoomba si mradi wa mamilioni. Kila asistanti mupya apewe mkubwa mmoja, kwa jina, kwa maandishi, kwa miaka miwili ya kwanza. Ule mkubwa aingie kwenye salle yake na kwenye staji yake, amwambie ukweli. Saa hizo zihesabiwe kama kazi yake, si kama huruma. Na mkubwa anayehukumu upandaji wa kijana asiwe yuleyule anayemuongoza. Bila hivyo woga hautaisha. Fasi ambapo hakuna profesa wa uuguzi, kuna wauguzi wazee waliostaafu wenye kujua kazi kuliko silabusi zote. Oda ya Wauguzi iliundwa na sheria ya 2016. Kuandika orodha ya wazee hao kwa kila jimbo haiombi sheria nyingine.

Wewe asistanti unayesoma hii kwenye simu, usingoje decision ya waziri. Chagua mwenzako mmoja, aje kusikiliza kozi yako juma hili, nawe uende kusikiliza yake. Na siku masomo yatafunguliwa, tutapita kwenye sekretariati ya kila ISTM na swali moja: asistanti wenu wapya ni nani, na mkubwa wa kila mmoja ni nani? Tutaomba karatasi yenye majina.