Aliyebandika 4,950 Anadaiwa Hamsini

Mteja anaweka kaunta sukari, sabuni na pakiti ya maziwa, anatoa noti ya shilingi 10,000. Mashine inasoma 9,950. Keshia anachungulia droo, anaokota pipi moja kwenye kopo lililo pembeni, anaiweka juu ya risiti bila neno, na macho yake yameshahamia kwa anayefuata. Mteja akisema, "Dada, naomba hamsini yangu," foleni nzima inaguna. Huyu naye! Hamsini?

Ndivyo ilivyo kwenye supamaketi nyingi za Mbeya, na Iringa hakuna tofauti. Mguno ule umebeba imani iliyoota mizizi: mstaarabu hadai hamsini, anayeidai ni mshamba, bahili, au ana njaa. Imani hiyo ni potofu na inafaa ing'olewe, kwa sababu imemfanya mdai aone aibu na mdaiwa aonekane muungwana.

Bei yenyewe ni shahidi wa kwanza. Hakuna mteja aliyeomba chupa ya mafuta iuzwe 4,950. Mwenye duka ndiye aliyeichagua, akijua kwamba jicho la mnunuzi huiona elfu nne kabla ya kufika kwenye mia tisa na hamsini. Hamsini ile ni chambo. Aliyeibandika shelfuni ameshaiahidi, na akiinyima kaunta, ameuza kwa 5,000 kitu alichokiandika 4,950.

Husemwa hamsini si pesa. Benki Kuu ya Tanzania haisemi hivyo: ile sarafu yenye faru na mtoto wake ni fedha halali kama ilivyo noti ya 10,000. Mwanafunzi anayepanda daladala kwenda Uyole hasemi hivyo pia. Nauli yake ni shilingi 200, yaani hamsini nne, na konda hapokei pipi. Mteja huyohuyo akifika kaunta na shilingi 9,900 badala ya 9,950, sabuni yake itarudishwa shelfuni mbele ya watu wote. Hapo hamsini inakuwa pesa ghafla.

Hesabu ni rahisi. Duka likihudumia wateja 200 kwa siku na kubaki na hamsini ya kila mmoja, ni shilingi 10,000 kwa siku, na 300,000 kwa mwezi. Watoto hufundishwa shuleni kwamba haba na haba hujaza kibaba. Kibaba kinachojaa hapa ni cha mwenye duka.

Pipi nayo ina kesi yake. Mashine za risiti za kielektroniki zilianza kutumika nchini mwaka 2010, na Mamlaka ya Mapato imewaimbia Watanzania miaka yote hii kwamba ukiuza utoe risiti, ukinunua udai risiti. Pipi ile haimo kwenye risiti. Mteja ameuziwa bidhaa asiyoichagua, kwa bei ambayo hakuulizwa, bila karatasi yoyote. Akiwa na kisukari, hata kuila hawezi. Ni biashara ya kulazimishana, hata kama imefungwa kwenye karatasi ya rangi.

Utetezi unaopendwa ni foleni: mdai hamsini anachelewesha wenzake. Anayechelewesha ni duka lililofungua milango asubuhi bila sarafu kwenye droo. Keshia mara nyingi hana hatia. Hakupanga bei, na droo amekabidhiwa hivyohivyo. Kumfokea ni utovu wa adabu, na wateja wenye tabia hiyo wapo wengi. Salamu itangulie, "kamwene" kwa Iringa au "ugonile" kwa Mbeya, kisha hamsini idaiwe kwa sauti ya kawaida. Ikikosekana, aitwe meneja.

Kwamba sarafu ni adimu ni kweli kwa sehemu. Nyingi zimelala majumbani kwenye makopo na chini ya viti vya magari, na wateja wenyewe wamezilaza huko. Lakini fedha ndogo ndiyo inayofanya kazi kubwa. Mwaka 2014 Benki Kuu ilileta sarafu ya shilingi 500 ichukue nafasi ya noti, kwa kuwa noti ile ilichakaa upesi kwa kupita mikono mingi. Tawi la Benki Kuu liko Mbeya mjini, na benki za biashara zipo Mbeya na Iringa. Duka linaloweza kuagiza siagi kutoka ng'ambo haliwezi kushindwa kutafuta mfuko wa sarafu mtaa wa pili.

Wapo wanaoamini kwamba supamaketi ndiyo shule ya ustaarabu na soko ni vurugu. Waende Mwanjelwa, au Soko Kuu la Iringa. Muuza nyanya akikosa hamsini humtuma kijana akachenjishe kwa jirani, au huinua nyanya moja na kuuliza, "Nikuongezee hii, mama?" Soko si la malaika, lumbesa na vipimo vilivyobonyezwa vimewapa Wakala wa Vipimo kazi ya miaka mingi. Ila kwenye chenji, pale mdaiwa ndiye anayeomba radhi, na mdai huulizwa kabla ya kupewa kitu kingine.

Supamaketi isiyo na sarafu za hamsini ishushe bei hadi 4,900, au ipokee 4,900 palipoandikwa 4,950. Wanaolipa kwa simu hukatwa 4,950 kamili, lakini si kila mteja ana salio kwenye simu. Mama aliyeteremka kwenye basi la Igurusi na noti yake moja mkononi ana haki ileile. Akisimama kaunta akaomba hamsini yake, walio nyuma yake wanyamaze, wasubiri zamu, na wao wadai za kwao.