Kupumuzika si ya bakubwa tu

Mu matelefone yetu kunapita mapicha ya hoteli za Uingereza: nyumba kubwa za mawe kati ya mashamba, minara, bustani, miti ya miaka mia. Unalipa makuta mingi, unalala siku mbili, unakunywa chai pembeni ya moto, unarudia nyumbani mutu mupya. Muchimbaji mwenye kutoka poste ya usiku anaangalia ile picha na anasema: "Ile ni ya bakubwa, si ya siye."

Leo ninataka kuwaelezea moja ya zile nyumba, juu haikubakia ya bakubwa tu. Zaidi ya miaka 40, kutosha wakati wa vita, wachimbaji njo walikuwa wanalala mule.

Inaitwa Conishead Priory. Iko karibu na muji mudogo wa Ulverston, kaskazini-mangaribi ya Uingereza, pembeni ya bahari. Zamani sana, mahali pale palikuwa hospitali ya wamaskini, kisha monasteri. Ku mwaka 1821, bwana mumoja, Kolonel Braddyll, alianza kujenga nyumba mupya, na minara mirefu na madirisha ya vioo vya rangi sawa kanisa. Ujenzi uliendelea miaka mingi na ulikula mali mingi. Ule Braddyll alikuwa ameingiza makuta yake tena mu mine za makaa ya mawe za Durham, upande mwingine wa inchi. Mine zilimeza makuta. Alianguka mu faillite, nyumba ikauzishwa.

Mbele ya mwisho wa karne ya 19, wenyeji wengine waliigeuza hoteli. Matajiri walikuja kuoga maji ya kutunza mwili, kutembea mu miti, kuvuta hewa ya bahari. Muchimbaji angefika pale, labda kwa kupakua mizigo.

Halafu, ku mwaka 1930, mulango ulifunguliwa kwa wachimbaji wa Durham. Si kwa kupakua mizigo. Kwa kulala, kula na kupumuzika. Mwenye kutoka hospitali, mwenye alivunjika, mwenye mapafu ilichoka na vumbi, alitumwa kule mupaka nguvu irudie. Makaa ya Durham iliangusha bwana. Makaa ya Durham iliwaingiza wachimbaji mu nyumba yake.

Makuta ilitoka wapi? Hapa njo ninaomba musome polepole. Ku 1920, Uingereza ilitia sheria: kila tani ya makaa yenye kutoka chini, mwenye mine alipe peni moja mu sanduku ya maisha mazuri ya wachimbaji. Peni moja! Ule wakati pauni moja ilikuwa na peni 240. Ni kusema, tani 240 zitoke juu ya pauni moja tu. Lakini tani zilikuwa mamilioni, na ile sanduku ilijenga mabafu ku mulango wa mine, viwanja vya michezo, manyumba ya mikutano, na manyumba ya kupumuzikia sawa ile ya Conishead.

Sisemi Uingereza ilikuwa paradiso. Ku 1926 wachimbaji wao walifungiwa kazi miezi, wakashindwa, wakarudia na saa mingi na mushahara mudogo. Watu walikufa chini kila mwaka. Nyumba muzuri haibadilishi mushahara mubaya. Lakini mu ile taabu yote, peni yao haikupotea: iligeuka kitanda.

Wakati wa vita ya pili ya dunia nyumba ilikuwa hospitali ya waaskari, kisha ikarudia kwa wachimbaji mupaka 1972. Leo iko mu mikono ya Wabudha, na watu wangali wanaenda kule kutuliza roho.

Sasa turudie kwetu. Baba yangu alishuka mu mine miaka 31. Congé yake ninaikumbuka muzuri: alikuwa anaenda kulima mahindi na kupiga matofali. Sikumuona siku moja amekaa bure, mikono ku magoti. Wakati retraite ilifika, mugongo ulikuwa umekwisha. Alipumuzika wapi? Mu makaburi. Wangapi kati yenu munaweza kueleza tofauti?

Na siye tuko na peni yetu. Code minier ya 2018 inasema: kampuni itoe kila mwaka asilimia 0,3 ya biashara yake, hapana chini ya pale, juu ya maendeleo ya wakaaji wenye kuikala karibu na mine. Inasema tena: ku redevance minière, asilimia 15 iende kwa commune, secteur ao chefferie yenye mine iko ndani. Kwa tani za shaba na kobalti zenye zinapita ku barabara kila usiku, haiko makuta ya kucheka.

Niliuliza wandugu wachache ku cité: ile 15 imejenga nini kwenu? Mumoja alinionyesha kisima. Mwingine alicheka tu.

Wengine watanijibu: "Tunakosa maji, masomo, dawa, na weye unatuletea mambo ya hoteli!" Ni kweli, maji kwanza. Lakini mutu mwenye kukohoa vumbi, mwenye goti halikunjike tena, kumupa mahali pa kupona si anasa. Ni dawa. Na siombi minara wala vioo vya rangi. Ninaomba nyumba safi, muuguzi, vitanda, kivuli, pembeni ya ziwa Nzilo kwa watu wa Kolwezi, ao ku Tshangalele kwa watu wa Likasi. Bacreuseur nabo baingie, juu vumbi haiulizake mutu contrat.

Basi, wamama na wababa, mukutano ya cahier des charges ikifika, musitume mutu wa kupiga mikono tu. Mutume mwenye kujua kuhesabu. Aulize: tani ngapi zilitoka, asilimia ngapi iliingia, nani alitia sinyatire, na kitanda kiko wapi.

Mine ya Durham zote zilifungwa. Zetu nazo zitafungwa siku moja. Ile siku, shimo itabakia, hilo tunalijua. Kitu ingine yenye itabakia, njo tunaiamua sasa, wakati malori ingali inapita.