Mtoto Asiwe Mkalimani wa Mamaye

Tangu mwaka 2015 ndugu zetu waliokimbia Burundi wamepokelewa Lusenda, katika eneo la Fizi. Wako wanaojua Kiswahili cha sokoni. Lakini bei ya unga ni jambo moja, na maumivu ya tumbo la uzazi ni jambo lingine.

Katika Kirundi, neno ejo laweza kuwa jana, laweza kuwa kesho. Kitenzi ndicho huonyesha. Umuti ni dawa, si mti. Muuguzi anayedaka neno mojamoja hudhani ameelewa, naye ni wa hatari kuliko asiyeelewa kabisa.

Basi huitwa mtoto, kwa kuwa amejifunza Kiswahili upesi akicheza na wenzake. Jambo hili silikubali. Mama anayetokwa damu hatasema yote mbele ya mwanawe wa miaka 10. Na mtoto, kwa aibu au hofu, atapunguza.

Katika parokia zetu wako vijana wanaosema lugha zote mbili. Wajitoe kwa kituo cha afya, msichana kwa mwanamke, wakikubali masharti: kutafsiri yote, kutomjibia mgonjwa, na kutoyatoa nje yaliyosikika ndani. Hilo la mwisho ni gumu kambini, ambako wote hukutana penye maji.

Naye muuguzi asiulize, "Umeelewa?" kwani adabu itamfanya mgonjwa aitikie. Amwombe aeleze mwenyewe atakavyomeza vidonge: vingapi, na saa ngapi.