Sinthi ya Laki Moja Haitakupa Sauti

Wacha niseme hii kitu wazi, na wenye watakasirika wakasirike. Wengi wenu mnaotafuta sinthesaiza hamtafuti sauti, mnatafuta ruhusa. Mnataka mashine ikae mezani na mataa yake ndio mjiite maprodyuza. Na saa hii kuna msee hapa Nairobi anachukua mkopo kwa simu anunue kitu hajui inafanya nini. Riba itaanza kuhesabu kabla atoe hata biti moja.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo sitakuhubiria eti weka pesa kwa fees. Nakuuliza tu: hiyo sinthi unataka, osileta zake ni ngapi? Filta yake inakata nini? Kama hujui, hujachagua. Umechaguliwa na mtu wa video mwenye alipewa ya bure aisifu.

Sinthi nyingi za kawaida zinafanya kitu moja. Osileta inatoa wimbi. Filta inapunguza ukali wake. Enivelopu inaamua sauti iingie kwa kishindo ama polepole, na iishe vipi. LFO inatikisa chochote utakachoiambia. Ukielewa hizo nne kwa programu ya bure, hakuna duka litakubabaisha tena. Na za bure ziko, si za wizi. Surge XT ni bure kabisa. Vital iko na toleo la bure, na kile unalipia zaidi kwa matoleo mengine ni priseti na mawimbi ya ziada. Injini ni ileile. (Laptopu yako ikiwa mzee, anza na Surge. Vital inakula nguvu.)

Kuna wale wa "analogi ndio ya ukweli". Hao wacha wasikie hadithi ya TB-303. Roland waliitoa mwanzoni mwa miaka ya 80 ishike nafasi ya mpiga besi, na haikusikika kama besi ya mtu yeyote. Ikakataa sokoni, wakaacha kuitengeneza 1984. Ikaishia kuuzwa kama mitumba, ndio vijana wa Chicago wakaweza kuinunua. Kundi la Phuture likazungusha vitufe vyake vile hakuna mtu alikuwa amekusudia, na 1987 wakatoa "Acid Tracks". Acid house ikapata jina hapo. Leo 303 ya zamani inauzwa dola maelfu, na watu wanalipa hizo dola ili wasikike kama vijana walioichukua kwa sababu ilikuwa rahisi. Maze, cheka kidogo.

Ama chukua Yamaha DX7 ya 1983. Mashine kali, lakini kuiprogramu ilikuwa kichwa ngumu, basi wengi wakabaki na sauti za kiwandani. Ndio maana ile piano yake ya umeme imejaa kwa nyimbo za mapenzi za enzi hiyo, kama chumvi. Studio kubwa, pesa kubwa, sauti moja.

Na sisi tunarudia hiyo stori na pakiti za "ngoma za Afrika". Hii ndio inaniuma zaidi. Unalipa dola kwa folda ya mtu ambaye hajawahi simama Kamukunji, na wewe uko na Kamukunji bure. Enda pale jua kali saa nne asubuhi, omba fundi ruhusa, rekodi nyundo ikigonga bati. Simu inatosha. Rudi nyumbani, shusha hiyo sauti oktava mbili, kata ile ncha kali na filta, weka mwangwi mrefu. Umepata ngoma haiko kwa laptopu ya mtu mwingine duniani. Vital hata inakuruhusu uburute rekodi yako mwenyewe iwe wimbi la osileta. KMRU, kijana wa Nairobi, amejijengea jina mbali kwa sauti za kurekodi mazingira. Albamu yake "Peel" ya 2020 ilitolewa na Editions Mego. Sikiza, alafu uniambie ni kitufe gani ulikuwa umekosa.

Najua mtasema mashine ya kushika inafundisha mikono. Hapo mko na pointi, siwezi kataa. Lakini kibodi ndogo ya MIDI yenye vitufe vya kuzungusha inafundisha mikono pia, na unaifunga kwa Surge leo jioni. Kabla yake nunua hedfoni ambazo haziongezi besi, juu ukichanganya muziki na zile za kutikisa kichwa, wimbo wako utafika kwa matatu ukiwa umekonda.

Ukishinda hapo na bado unataka sinthi ya kushika, sawa, nunua. Tafuta yenye kila kitufe kina kazi moja, si ya menyu ndani ya menyu. Bei ya mtandaoni si bei ya Nairobi: ongeza usafiri, ushuru, na VAT ya asilimia 16. Ukienda Luthuli kuulizia ya mitumba, beba hedfoni zako na ucheze kila noti, kila kitufe, palepale dukani. Geuza adapta usome maandishi. Ikiwa imeandikwa volti 120 pekee, hiyo ni ya Marekani, na stima yetu ya 240 itaichoma kabla ujue sauti yake.