Mashine ya moyo ikae getini

JICHO LA UWANDA
Na Yona Chidawali

Ofisa manunuzi mmoja wa pale Mtumba, kwenye Mji wa Serikali hapa Dodoma, amenipigia simu na swali nililodhani lina jibu fupi. Taasisi yao inataka kuweka mashine ya kushtua moyo, ile ya kisanduku chenye pedi mbili za kubandika kifuani. Bosi wake amezuia isinunuliwe mpaka ijulikane sheria inasemaje. "Kaka Yona, sheria inasemaje?"

Sheria haiitaji mashine hiyo kwa jina. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, inamtaka mwajiri asajili eneo lake la kazi, apime afya za wafanyakazi, atathmini hatari zilizopo na awe na vifaa vya huduma ya kwanza. Asiye na mashine ya moyo hajavunja sheria. Aliyeamua kuwa nayo ndiye anayejitwisha kazi. Kile ni kifaa tiba, kwa hiyo kinapita kwenye mikono ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba: kiwe kimesajiliwa, kiagizwe kwa kibali, na hata kama ni zawadi ya wafadhili au ya ndugu zetu walioko Ulaya, hakiingii nchini kimyakimya kama begi la mitumba. Taasisi ya umma itapita NeST, mfumo wa manunuzi wa serikali, kama inavyopita kununua viti. Kikishafika ukutani, kutunzwa kwake ni juu ya mwajiri.

Hayo ndiyo aliyouliza. Hakuuliza nani atakishika siku mtu akianguka, na mimi naona swali hilo ni zito kuliko yote ya NeST.

Moyo unaposimama ghafla, mara nyingi haujatulia. Unatetemeka ovyo, damu haiendi popote. Mshtuko wa umeme unaukata ule mtetemo ili moyo uanze upya kwa mpangilio wake. Kila dakika inayopita bila mtu kukandamiza kifua na bila mshtuko, nafasi ya kupona hupungua kwa asilimia 7 hadi 10. Piga hesabu kwa Dodoma. Tuna Hospitali ya Benjamin Mkapa, ina mabingwa wa moyo na maabara yake, na watu wanatoka mikoa ya jirani kuja kutibiwa pale. Lakini inamtibu aliyefika. Namba 115 ya m-mama, ya usafiri wa dharura, imeokoa wajawazito na watoto wachanga. Lakini mhasibu aliyeanguka kwenye korido ya ghorofa ya tatu Mtumba anategemea gari la ofisi, na dereva ameenda kujaza mafuta. Dakika kumi zimekwisha kabla hatujapata ufunguo wa gari.

Kwa hiyo anayeweza kumwokoa ni aliye karibu. Na kwenye majengo yetu, aliye karibu saa zote ni mlinzi.

Wamarekani walilijaribu hili mahali pasipotarajiwa: kwenye kasino. Mashine wakapewa walinzi, wale wa kuzuia ugomvi na wizi, baada ya kufundishwa kukandamiza kifua na kubonyeza kitufe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Kati ya watu 105 ambao mioyo yao ilikutwa ikitetemeka, zaidi ya nusu walitoka hospitali wakiwa hai. Waliopata mshtuko ndani ya dakika tatu tangu waanguke, walipona asilimia 74. Waliocheleweshwa zaidi ya hapo, asilimia 49. Chicago nako waliziweka kwenye viwanja vya ndege, kila moja mahali ambapo mtu anayeharakisha anafika kwa dakika moja au moja na nusu. Katika miaka miwili wakaokoa 11 kati ya 18 wenye mtetemo huo, na baadhi ya waokoaji walikuwa abiria ambao hawakuwahi kufundishwa kuitumia mashine hiyo.

Sasa njoo kwetu. Mlinzi wa Mtumba si mwajiriwa wa taasisi anayoilinda. Ni wa kampuni iliyoshinda zabuni. Semina ya huduma ya kwanza ikiitishwa, majina yanatoka kwa ofisa utumishi, na wanaoketi ukumbini ni maofisa wenye fungu la posho. Mlinzi anawafungulia geti wawezeshaji, anawaandika kwenye daftari, anarudi kwenye kiti chake. Lakini saa kumi na mbili asubuhi yeye yupo. Jumamosi ambayo wahasibu wanakesha kufunga hesabu yeye yupo, na wa semina wako nyumbani Kisasa. Ukimuuliza mwenye taasisi, atasema mafunzo ya mlinzi ni juu ya kampuni yake. Kampuni nayo itasema mkataba unataka watu wanne na tochi, haukutaja moyo. Wote wawili wana makaratasi ya kujitetea.

Dawa yake ni kuandika. Mkataba wa ulinzi useme kila anayepangwa kwenye lindo lile awe amefundishwa kukandamiza kifua na kutumia mashine, na akihamishwa, anayekuja naye awe amefundishwa. Mkufunzi wa OSHA au wa Msalaba Mwekundu anaweza kuifanya kazi hiyo pale pale getini. Mashine nayo ikae hapo, kwenye kisanduku kisicho na kufuli.

Kufuli nalisisitiza kwa sababu. Katika ofisi moja niliyowahi kufanya kazi, sanduku la huduma ya kwanza lilikuwa jeupe, zuri, na mkaguzi angelipenda. Ufunguo alikuwa nao ofisa utumishi, na ofisa utumishi alikuwa safarini. Mwenzetu alipojikata kwa kioo tulilivunja. Ndani tulikuta bandeji moja, chupa ya spiriti iliyokauka, karatasi ya panadol iliyobaki vidonge viwili, na risiti za maandazi.

Mashine ya moyo inaweza kufikia hali ile ile kwa gharama kubwa zaidi. Pedi zina gundi inayokauka, na nyingi hazivuki miaka miwili au mitatu. Betri nayo ina mwisho wake. Nyingi kati ya hizi mashine zimetengenezwa zivumilie joto lisilozidi nyuzi 50, kwa hiyo ukiisahau kwenye gari lililoegeshwa juani mwezi wa kumi, umeiharibu. Kibanda cha bati nacho si mahali pake, na vumbi la Dodoma kila mtu analijua. Itafutiwe ukuta wenye kivuli, na mtu mwenye jina aitazame kila asubuhi kama taa yake ya kijani inawaka. Hiyo ni kazi ya sekunde tano.

Kuitumia si kazi ngumu. Unafungua, inazungumza. Unakata shati, unafuta jasho, pedi moja chini ya mtulinga wa kulia, nyingine ubavuni kushoto chini ya kwapa. Yenyewe inausoma moyo, na ikiona hauhitaji mshtuko inakataa kuutoa. Ikikuambia bonyeza, hakikisha hakuna anayemgusa mgonjwa, bonyeza, kisha rudi kukandamiza katikati ya kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kizame sentimita tano. Tatizo ni kwamba nyingi zinazungumza Kiingereza. Zabuni itamke wazi: sauti ya Kiswahili, na muuzaji akishindwa, basi maelekezo ya Kiswahili yenye picha yabandikwe kwenye mfuniko.

Asiwepo wa kusema haya ni maradhi ya wazee wenye vitambi. Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, alikuwa na miaka 23 alipoanguka uwanjani London mwaka 2012 akiichezea Bolton. Moyo wake ulikaa dakika 78 bila kudunda wenyewe, huku watu wakikandamiza kifua na mashine ikishtua tena na tena. Yu hai.

Sitaki kila mwajiri alazimishwe kununua. Bei ni ya mamilioni, na mwenye kinu cha alizeti Singida au ghala la mahindi Kibaigwa, mwenye vibarua wanane, nitamwambia aanze na mikono: afundishe wote wanane kukandamiza. Wanaopaswa kubanwa ni wenye mikusanyiko: Mji wa Serikali, kituo cha treni ya SGR, stendi, Soko la Job Ndugai. Waziri mwenye dhamana ya kazi anayo mamlaka ya kutunga kanuni chini ya sheria ile ile ya 2003, hahitaji kusubiri muswada.

Muswada unahitajika kwa jambo jingine. Ukikandamiza kifua sawasawa, mbavu huweza kuvunjika. Watu wetu wamezoea habari za fomu ya polisi ya PF3 na kuitwa kituoni kutoa maelezo, na wakiona mtu chini wengi wanarudi nyuma hatua mbili. Marekani mwaka huo huo wa 2000 ilipitisha sheria ya kumkinga anayetumia mashine hii kwa nia njema. Sisi Bunge letu liko hapa hapa Dodoma, na kifungu chenyewe hakizidi mistari minne. Mlinzi anayelipwa mshahara wa mlinzi asiachiwe yeye kujipima, mtu akiwa amelala mbele yake, kama ataweza kumlipa wakili.