Elimu ya Wauguzi Isiwe Posho ya Wakubwa

Wapo wanaodhani kwamba muuguzi akishatunukiwa cheti, elimu yake imekwisha. Hao wanacheza na roho za watu. Kabla ya mwaka 2010 wauguzi walifundishwa kwamba mtu mzima ambaye moyo wake umesimama afunguliwe kwanza njia ya hewa, apuliziwe pumzi, ndipo akandamizwe kifua. Mwaka huo Chama cha Moyo cha Marekani kiligeuza utaratibu: kifua kwanza. Tangu mwaka 2015 kipimo ni mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina kisichopungua sentimita 5. Je, nani amempelekea habari hizo muuguzi wa zamu ya usiku, aliye peke yake katika wodi ya wanaume wilayani?

Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 imefungamanisha leseni na elimu endelevu, na ni haki. Lakini semina inapofanyiwa hotelini mjini, wakaitwa wakubwa wa ofisini ambao, ukweli usemwe, hawajagusa mgonjwa miaka mingi, huo si mpango wa elimu bali ni ukiritimba. Wao hurudi na posho na mikoba mipya. Wodi haiambulii kitu. Mafunzo yapelekwe wodini, pamoja na sanamu ya kufanyia mazoezi, na saa hizo zihesabiwe kuwa kazi. Muuguzi asidaiwe elimu aliyofungiwa mlango.